PANDENI BUSTANI, NA NYUKI WAPATE SEHEMU YAO

Somo: Yeremia 29:4-7, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mambo ya Walawi 19:9-10

Wapendwa wandugu katika Kristo,

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha tena kwenye majira ya mvua tukiwa hai, ingawa wengi wetu ni wachovu, na posho ya chakula si kama ilivyokuwa zamani. Katika toleo hili tulikuwa tumepanga kuandika juu ya kufunga na kuomba. Lakini jambo lililotokea kati yetu msimu uliopita limetulazimisha kuandika juu ya maboga, nyuki na dhambi. Msicheke. Someni mpaka mwisho.

1. JAMBO LILILOTOKEA

Wote mnaukumbuka ule mti mzee nyuma ya kanisa, wenye tundu. Nyuki walikuwa wamekaa ndani yake tangu kabla hatujasimamisha nguzo ya kwanza ya kanisa letu hapa Nakivale. Jumapili moja wakawauma watoto wawili wa shule ya Jumapili. Wazee wakakutana, ikaamuliwa kwamba nyuki wachomwe. Sisi mchungaji wenu ndio tuliotoa fedha ya mafuta ya taa. Usiku ule nyuki wote wakateketea, na asali, na watoto wao. Asubuhi tukafagia majivu, tukasema kazi imekwisha.

Mvua zikaja. Maboga yakatambaa vizuri, majani mapana, maua ya manjano kila asubuhi. Kila mama akahesabu chakula cha watoto wake. Lakini vile vitoto vya maboga, vikiwa bado vidogo kuliko yai, vikageuka manjano, vikalegea, vikaanguka. Ikawa hivyo kwa jirani huyu na kwa jirani yule, karibu mstari wote wa nyumba zilizo karibu na kanisa. Shamba moja tu ndilo lililozaa, la mama mmoja mjane wa kanisa letu. (Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, wala jina lake hatulitaji.) Kwake maboga yalilala chini kama mawe ya mtoni.

Mnajua kilichofuata. Maneno yakaanza kwa sauti ya chini. Amefunga maboga ya wenzake. Ameyavuta yote kwake. Mbona yeye peke yake? Bombani akakosa mtu wa kumtwisha ndoo. Watoto wakakatazwa kula kwake. Jumapili tatu kiti chake kanisani kilikuwa kitupu.

Na sisi tulikaa kimya. Tulijiambia kwamba maneno yataisha yenyewe. Tuliogopa kwamba tukimtetea, watu watasema hata mchungaji amelishwa kitu. Huo ndio ukweli, na tunauandika hapa ili usifichike.

2. UA LA BOGA

Bwana shamba mmoja alipopita kutembelea mashamba, tukamwonyesha hasara yetu. Hakuuliza habari za wachawi. Aliuliza, "Nyuki wenu wako wapi?" Kisha akatuambia tufike shambani saa kumi na mbili asubuhi.

Tulijifunza asubuhi ile jambo ambalo hatukufundishwa katika chuo cha Biblia. Boga lina maua ya namna mbili katika mmea mmoja. Ua la kiume lina kikonyo chembamba tu. Ua la kike lina kiboga kidogo chini yake tangu siku linapofunguka. Unga wa ua la kiume ni mzito na unanata, upepo hauwezi kuubeba. Ni lazima mdudu auchukue, aupeleke kwa ua la kike. Na ua lenyewe hufunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri limekwisha kujifunga, wala halifunguki tena. Asubuhi moja tu! Kama hakuna mdudu aliyepita asubuhi hiyo, kile kiboga kinakufa kwa kukosa mgeni.

Bwana shamba akachuma ua la kiume, akalitoa majani yake ya manjano, akaligusisha katikati ya maua ya kike machache, akayafunga uzi. Baada ya juma moja, yale yenye uzi yalikuwa yamefikia ukubwa wa ngumi. Mengine yalikuwa yameanguka.

Sisi tuliochoma nyuki ndio tuliofunga maboga. Na wale miongoni mwetu waliopiga dawa ya nyanya asubuhi, wakati maua yako wazi, waliwaua hata wale wadudu wachache waliobaki.

Je, mbona kwa mjane yalizaa? Nendeni mkaone. Ua wa nyumba yake ni wa mubirizi. Kando ya mlango kuna mrehani wa mwitu. Mgagani, ambao wandugu wa Rwanda wanauita isogi, yeye hauvuni wote. Anauacha mwingine uchanue. Pembeni ameacha gogo kavu, na ndani yake wamo wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa miti. Wadudu walikuwa kwake kwa sababu kwake kulikuwa na chakula na mahali pa kulala. Hakuna uchawi hapo.

Tulikwenda nyumbani kwake pamoja na wazee wanne, tukapiga magoti kwenye mkeka wake. Amri ya kutomshuhudia jirani yako uongo (Kutoka 20:16) haivunjwi na anayesema tu. Anaivunja pia anayejua kusema kweli akanyamaza. Mama yule alilia, kisha akatupikia. Mnajua alitupikia nini.

3. NENO LINASEMAJE?

Kwanza, Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mungu aliwaambia Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, anaweza kuchukua watoto, lakini mama amwache aende. Na ahadi iliyounganishwa na amri hiyo ndogo ni kubwa: heri na maisha marefu. Angalieni, wapendwa. Mungu hakukataza watu kula. Alikataza kula kwa namna inayofunga mlango wa kesho. Mtu akirina asali kwa moshi kidogo, akawaachia nyuki sehemu yao, atarina tena. Mtu akichoma mzinga, amekula mara moja, naye ameua hata maboga ya jirani.

Pili, Mambo ya Walawi 19:9-10. Mwenye shamba aliambiwa asivune mpaka ukingoni kabisa, na kilichoanguka asikiokote, ili maskini na mgeni wapate. Sisi tunaipenda sana aya hiyo, maana sisi ndio wageni! Kila siku tunakula ukingoni mwa shamba la wengine. Basi na sisi tuliopewa kiwanja kidogo, tuna ukingo gani tuliouacha kwa walio wadogo kuliko sisi? Tumelima mpaka ukutani, tumekata kila kichaka kwa kuni, tumefagia mpaka udongo umekuwa mweupe. Mgeni aliyeachiwa ukingo asipoacha ukingo, amesahau alikotoka.

Tatu, Yeremia 29. Barua hii iliandikwa kwa wakimbizi. Walikuwa Babeli, mioyo yao Yerusalemu. Katika sura ya 28 nabii Hanania aliwapendeza watu kwa kusema kwamba miaka miwili tu, nira itavunjwa. Yeremia akawaandikia kwamba itakuwa miaka sabini, na kwamba wajenge, wapande bustani, wale matunda yake, waoze watoto wao, na wautafute usalama wa mji ule, kwa maana usalama wao uko ndani ya usalama wa mji.

Wandugu, akina Hanania wako wengi hata leo. Kila mwaka tunasikia kwamba mwaka ujao wote tutarudi, au wote tutapelekwa Marekani na Canada. Wengine kweli wamerudi, wengine kweli wamesafiri, tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini makazi haya yamepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60, na kuna wazee hapa ambao sanduku lao limefungwa tangu ujana. Mtu mwenye sanduku lililofungwa hapandi mti. Anasema, "Utachanua nikiwa sipo." Na sisi tunamjibu: je, matunda uliyokula ukiwa mtoto, uliyapanda wewe?

4. UA WA MAMA YETU, GASENYI

Wengi wanaijua Gasenyi kwa ajili ya ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2019. Sisi tuliondoka mwaka 2015, ikulu hiyo tumeiona katika picha tu. Gasenyi tunayoijua ni ile ya kaskazini mwa Bujumbura, chini ya milima, mahali ambapo mvua ikinyesha juu, maji hushuka kwa nguvu kuelekea Ziwa Tanganyika.

Mama yetu alikuwa na ua wa mubirizi pale. Juu yake maracuja yalitambaa. Pembeni ulikuwepo umuvugangoma. Ninyi Warundi mnaujua: ni mti unaochongwa ngoma zetu, zile ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia nzima. Lakini kabla haujawa ngoma, mti huo ni meza ya nyuki. Unapochanua maua yake meupe, chini yake unasikia mvumo kabla hujaona mdudu. Ngoma inalia ndani ya mti ungali hai!

Siku moja tukiwa watoto tulimpiga kwa kandambili yule nyuki mweusi mkubwa aliyekuwa akizunguka maua ya maracuja. Mama akatushika sikio. "Mwanangu, huyo ndiye anayetuzalia maracuja. Ukimwua, utakula majani." Hakusoma shule. Tulipokua tukasoma, tukasahau. Na baadaye wataalamu wamethibitisha neno lake: ua la maracuja ni pana, na nyuki mdogo anaweza kunywa utamu wake bila kugusa unga. Anayeweza kazi hiyo vizuri ni yule mkubwa, kwa sababu mgongo wake unafika juu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji yalishuka juu ya mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Watu zaidi ya 60 walikufa, na maelfu wakalala nje. Mvua ilikuwa kubwa mno, hilo ni kweli. Lakini milima iliyovuliwa nguo haina cha kuzuia maji. Mzizi wa kichaka ni mkono unaoshika udongo. Hatukupanda kwa ajili ya nyuki, na tukakosa hata wa kutushikia udongo.

5. SWALI TULILOULIZWA

Ndugu mmoja alituuliza, "Mchungaji, je, Mkristo anaweza kupanda umurinzi? Si ule mti wa Kiranga?" Ni swali zuri. Ni kweli kwamba wazee wetu waliuhusisha mti huo na ibada ya kubandwa, na kwa ajili hiyo Wakristo wengi waliukata walipookoka. Hatuwalaumu, walikuwa wakikata kamba zilizowafunga. Lakini mti wenyewe haukuumbwa na Kiranga. Uliumbwa siku ya tatu (Mwanzo 1:11-12), Mungu akaona kuwa ni vyema. Maua yake mekundu huchanua wakati matawi hayana majani, na ndege chozi hunywa hapo utamu. Mpe Muumba shukrani, usiuchinjie kitu, usiuombe kitu, na uupande kwa amani. Kama dhamiri yako bado inakusumbua, panda mubirizi. Hakuna atakayekuhukumu (Warumi 14).

6. TUFANYE NINI?

Tusidanganyane. Si kila chakula kinamtegemea mdudu. Mahindi huchavushwa na upepo. Ndizi na muhogo tunapanda kwa vichipukizi na vipande vya miti. Maharage kwa sehemu kubwa hujitosheleza. Lakini maboga, matango, matikiti, maracuja, maparachichi, maembe, alizeti na kahawa, vyote hivi hupata faida kwa wadudu, na vingine bila wao hatupati kitu. Dunia nzima, karibu robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula yanawahitaji kwa kiasi fulani. Mtu akikosa hawa, hafi njaa siku ileile. Anakosa mboga, matunda na fedha ya sabuni. Ninyi akina mama mnajua hiyo ni nini.

Wala si nyuki wa mzinga peke yao. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi hawana mzinga wala malkia. Kila mama anachimba nyumba yake peke yake katika udongo au katika kijiti kikavu. Wengine si nyuki hata kidogo. Michikichi yetu ya Rumonge na ya Fizi inazaa mawese kwa kazi ya kidudu kidogo cha Afrika kinachoishi katika maua yake. Malaysia walipanda michikichi mingi bila kidudu hicho, wakalazimika kulipa watu wachavushe kwa mkono, mpaka walipokichukua Cameroon na kukiachilia mwaka 1981. Mdudu tunayemkanyaga kwetu, wengine walimpandisha ndege!

Basi tumekubaliana na wazee mambo haya:

(a) Kila nyumba ipande mubirizi ukingoni mwa kiwanja msimu huu. Yule mama mjane ametoa vipande kwa kanisa lote. Kata kijiti chenye urefu wa mkono, kichomeke wakati wa mvua, kitashika. Mti huu si mgeni hapa: wenyeji wetu Wanyankole wanauita omubirizi, Warundi umubirizi, na wandugu wa Bushi wanaujua kwa jina hilohilo. Sisi wanadamu tumegawanyika kwa lugha, mti huu umekataa!

(b) Tukipewa miche ya mikaratusi tuishukuru, maana tunahitaji kuni, na nyuki hunywa maua yake pia. Lakini isiwe peke yake. Aliyezoea kula sikukuu moja kwa mwaka hufa njaa siku nyingine. Changanyeni na miti ya asili inayochanua kwa zamu: umusave wenye maua ya manjano, umuvugangoma, umurinzi kwa atakaye.

(c) Acheni mboga kidogo zichanue: mgagani, mrehani, hata magugu machache ya ukingoni.

(d) Acheni kipande cha udongo kisichofagiliwa, ukubwa wa mkeka, na gogo moja kavu. Wekeni sahani ya maji yenye vijiwe ili nyuki wasizame.

(e) Dawa isipigwe juu ya maua yaliyofunguka, wala asubuhi. Anayelazimika apige jioni, nyuki wakiisha kulala. Nguo za kupigia dawa zisioshwe bombani.

(f) Nyuki wakija mahali penye watoto, hakuna atakayewasha moto. Tutamwita mwenye ujuzi awahamishe usiku. Nyuki wetu wa Afrika ni wakali, hatuwachezei. Mzinga uwe mbali na nyumba, njia na mifugo.

Na jambo la mwisho ni usalama wa mji, kama Yeremia alivyosema. Nyuki hajui mpaka kati ya kiwanja cha mkimbizi na shamba la mwenyeji. Akila maua yetu, atazalisha kahawa ya Mnyankole. Mwenyeji akiacha kichaka chake, maboga yetu yatazaa. Mara nyingi tumegombana nao juu ya ng'ombe na kuni. Hapa tuna neno jema la kuwaambia.

7. KWA KUMALIZIA

Mwezi uliopita dada yetu aliyebaki Gasenyi alitupigia simu. Mama amekwisha kulala katika Bwana, na ua wake wa mubirizi ulikuwa umebaki nusu. Akauliza, "Ile pembe iliyo wazi tufanyie nini? Mtarudi lini?" Tukamjibu kwamba siku hatuijui, Mungu anaijua. Lakini pembe ile apande umuvugangoma, na aurudishie ua mubirizi. Jioni hiyohiyo sisi tukachomeka mubirizi hapa. Tuna kwetu pawili, na pote pawili panahitaji maua. Tukirudi, tutakuta kivuli. Tusiporudi, mtoto wa mtu atakikuta.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Katika mtaa wetu, ni nani amesingiziwa kwa sababu ya hasara ambayo chanzo chake hatukukichunguza? Tutamwendea lini?
2. Nyumba yetu imeacha ukingo gani kwa mgeni, na kwa viumbe vidogo?
3. Ni mti gani wa nyumbani kwenu watoto wenu hawaujui hata kwa jina?

Tuombe. Ee Bwana, uliyewapanda wanadamu bustanini, nasi tukaiharibu, utusamehe moto tuliouwasha na ukimya tulioukaa. Umponye mama tuliyemuumiza. Utupe moyo wa kupanda mahali ambapo si petu, kwa sababu dunia yote ni yako. Uwalinde waliobaki nyumbani, na waliolala njiani. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, tukutane nyuma ya kanisa kwenye ule mti uliochomwa. Umeanza kuchipuka upande mmoja. Kila mtu aje na jembe. Vipande vya mubirizi vipo.

Ni sisi, mchungaji wenu na mkimbizi mwenzenu.